Kopo la Mwisho la Mtu wa Radi

Wapo wanaoficha chupa chini ya kitanda, na wapo wanaoficha picha za wanawake wasiowaoa. Shiraz Kassamali, kapera wa makamo, alificha mwisho wa filamu. Ulikuwa ndani ya kopo la bati la mviringo, limezongwa shati kuukuu, na kila Jumamosi kabla ya kulala alilisukuma kwa kisigino liingie ndani zaidi, kana kwamba kopo lina miguu na nia ya kutoroka.

Siku sita za wiki Shiraz alikuwa karani wa stoo ya spea za magari huko Edmonton, kaskazini ya London, ambako Waingereza walimwita Sherry na kudhani wanamfanyia hisani. Jumapili alikuwa sultani. Asubuhi hiyo, wenyeji wakiwa wamelala au wamekwenda kanisani kuombea ya Jumamosi, yeye alikodi jumba la senema la mtaani, akapanda kwenye chumba cha projekta, kazi aliyoijua tangu Tanga, na kuwaonyesha filamu za Kihindi watu waliotoka kwetu kwa kila aina ya kutoka. Kulikuwa na Wahindi wa Nairobi waliokuja mbio mwaka sitini na nane Uingereza ilipokuwa inafunga mlango. Kulikuwa na Wazanzibari waliokimbia Mapinduzi. Na tangu baridi iliyopita, kulikuwa na wale wa Uganda, waliopewa miezi mitatu wafunge duka, nyumba na maisha. Waliingia na makoti yaliyolowa, vikapu vya sambusa na watoto wanaojibu kwa Kiingereza, na filamu ikianza hakuna aliyeulizwa pasipoti.

Sharti lilikuwa moja: saa saba mchana ukumbi uwe mtupu. Menija, Mista Pratley, mtu mwembamba mwenye funguo nyingi kiunoni kama mlinzi wa jela, alikuwa na filamu yake ya watoto baada ya hapo. Na saa saba yake haikuwa saa saba ya kwetu, ambayo hufika ikipenda. "Dakika moja zaidi, Sherry," alimwambia siku ya kwanza, "na hutaingia humu tena."

Ndipo shemeji yake aliyeko Mombasa alipomletea Mtu wa Radi.

Ilikuwa filamu ya dobi wa Bombay ambaye mchana hupiga nguo za watu kwenye mawe, na usiku huvaa kinyago cheusi akatoa radi viganjani. Mama yake kipofu hajui. Majambazi hawajui. Mchumba wake ndiyo kabisa, hajui lolote. Siku ilipoonyeshwa mara ya kwanza, theluji ilichelewesha mabasi, intavali ikarefuka kwa ajili ya sambusa, na Shiraz alipotupa jicho kwenye saa, kopo moja zima lilikuwa limebaki na Pratley kesha simama mlangoni anachezesha funguo. Kwenye pazia la senema kiwanda kilikuwa kinaungua, mama kipofu yumo ndani. Mtu wa Radi akapanda paa. Akajitupa motoni. Pazia likawa jeupe, kwa sababu mkanda ulikuwa umekwisha, na Shiraz, badala ya kutia kopo la mwisho, akawasha taa.

Akangoja azomewe. Badala yake watu walisimama wakapiga makofi.

"Huo ndio mwisho!" alisema Himid, aliyekuwa mwalimu Zanzibar na sasa anagonga mihuri katika ofisi ya baraza la mji. "Kafa, hakufa? Hapo ndipo penye ufundi! Shiraz bwana, umetuletea kitu!"

Walimpa mkono mmoja mmoja, kana kwamba filamu kaitengeneza yeye. Shiraz alikusudia kuwaambia Jumapili inayofuata. Lakini mtu anayekusifia biriani, utamwambiaje kwamba nyama imebaki jikoni? Jumapili ya pili wakaja wengi zaidi, wamekwisha simuliwa mwisho ulivyo. Ya tatu wakajaa mpaka kwenye ngazi. Kila mara filamu iliishia motoni, na kopo likabaki chini ya kitanda.

Ikaja zahama ya sehemu ya pili, maana mtu aliyeachwa motoni lazima aje kutoka. Habari zilizotoka Bombay, kwa njia ya binamu wa binamu, zilisema dairekta wa ile ya kwanza kagombana na mwenye filamu na kaapa hashiki tena kamera. Basi nani atengeneze inayofuata? Watu wazima, wenye madeni na kisukari, wakagawanyika kambi mbili. Himid alikuwa jemadari wa kambi ya dairekta Khurshid, bingwa wa machozi. Kambi ya dairekta Vaidya, bingwa wa miujiza, iliongozwa na Darshan Singh, seremala wa Nairobi mwenye mabega kama kabati.

"Khurshid atalitoa jiwe machozi," Himid alikuwa akisema.

"Kulia nalia kazini kila siku, bwana. Mimi nataka radi! Vaidya alirusha farasi juu ya mto, na kamba hakuna aliyeiona."

"Farasi! Kwani Mtu wa Radi anafuga?"

"Na Khurshid wako atamwimbisha nyimbo sita humo ndani ya moto. Mama ataiva!"

Mzaha ukageuka uhasama. Wanaume waliokopeshana blanketi baridi ya kwanza wakawa wanapishana barabarani bila salamu. Katika harusi moja huko Stanmore ilibidi meza zipangwe kwa madairekta, na hata hivyo zilirushwa chapati. Mwishowe wazee wakaamua: Jumapili ya mwisho wa Machi, filamu ikiisha, kura ya mikono ipigwe humohumo ukumbini, na Jumatatu Himid apeleke telegramu Bombay kumwambia mwenye filamu London imemchagua nani.

Neno telegramu ndilo lililomshtua Shiraz. Bombay wanaujua mwisho. Bombay watajibu: sehemu ya pili ya nini, mbona mtu mwenyewe kafa, kamuulizeni aliyewaonyesha. Na hapo jina la Shiraz Kassamali litakuwa limeharibika kutoka Edmonton mpaka Thornton Heath, kusini kabisa ya jiji, kwa sababu watu wetu humsamehe mwizi, humsamehe hata mwanasiasa, lakini si mtu aliyewafanya wagombane baridi nzima juu ya marehemu.

Kama hilo halikutosha, Jumapili moja kabla ya kura, mwanamke mmoja alipanda ngazi za chumba cha projekta akihema. Alikuwa Bharti, mjane, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Jinja na kuuza vitambaa huko mpaka alipofukuzwa pamoja na wenzake. Sasa alikuwa anakaa kwa mpwa wake Stanmore, na siku hiyo ndiyo kwanza kaja senema.

"Shirazbhai, kaka yangu," alisema, "mbona hajafa?"

"Nani, Bhartiben, dada yangu?"

"Usinifanye mtoto. Mimi hii niliiona Jinja, wiki niliyofunga duka. Mtu wa Radi hutoka motoni na mama mgongoni, akafia mapajani mwake. Mama humpapasa uso, ndipo akamjua kuwa ni mwanawe. Nililia hapo kwa mambo mengi. Iko wapi?"

"Mkanda umeharibika."

"Umeharibika ama umefichwa?"

Shiraz akajifanya anafuta lenzi. Bharti akafunga koti lake. "Jumapili nitakaa mbele," alisema.

Wiki hiyo Shiraz aliamua kuuangamiza ushahidi. Jumatano alilibeba kopo mpaka mtoni, akasimama darajani kwenye mvua, akalirudisha nyumbani. Mwalimu wake wa Tanga alimfunza mambo mawili: usivute sigara karibu na mkanda, na mkanda hautupwi. La kwanza alikwisha livunja mara nyingi. Jumapili alilichukua kopo pamoja na mengine, hajui kwa nini, labda kwa kuogopa kuliacha peke yake nyumbani.

Filamu ilianza mapema makusudi. Mtu wa Radi akajitupa motoni, taa zikawaka, na dakika ileile Himid na Darshan wakawa mbele ya pazia, kila mmoja na watu wake nyuma, kama timu mbili zinazosubiri refa. Mikono ikanyooshwa. Ikahesabiwa mara mbili, na mara zote mbili kuna waliopandisha yote miwili.

"Wizi!" wakapiga kelele watu wa Vaidya.

"Mwizi ni Vaidya wenu!"

Mtu alishika tai ya mtu. Juu, kwenye kidirisha cha projekta, Shiraz alitazama saa: imebaki robo saa. Akaomba Mungu wapigane, Pratley awafukuze, kura ivunjike. Ndipo pale mstari wa mbele Bharti aliposimama.

"Hebu nyamazeni! Mnagombea nini? Huyo mtu amekufa."

Ukumbi ukacheka. Alipoeleza mama, mapaja, uso unavyopapaswa, kuni za mazishi zinavyowashwa, kicheko kikakauka kikawa hasira.

"Bi Bharti," alisema Himid, "kwa heshima zako zote, wewe umefika juzi. Sisi filamu hii tumeiona mara sita."

"Mama, labda Jinja waliwaonyesha ya bandia," alisema Darshan.

"Kweli kabisa," Himid akamuunga mkono. Kwa mara ya kwanza tangu theluji iyeyuke, kambi mbili zilikuwa kitu kimoja.

"Mpeni maji mama wa watu," ilitoka sauti nyuma. "Hawa wa Uganda wamepata mshtuko, masikini."

Bharti alibaki amesimama, mkoba wake kaubana kifuani. Alinyanyua uso akakitazama kidirisha cha projekta. Neno moja tu lingemtosha, jina moja. Hakulitaja. Akakaa chini taratibu, na mwanamke aliyekuwa pembeni yake akavuta koti lake lisimguse.

Shiraz aliliona lile koti likivutwa. Akatoa kichwa nje ya kidirisha.

"Hasemi uongo!" alipiga kelele. "Mkanda ninao! Ninao hapa!"

Kisha ukumbi ukalipuka.

"Ipo! Sehemu ya pili ipo!"

"Alikuwa nayo muda wote, muone huyo!"

"Si sehemu ya pili," Shiraz alipaza sauti, "ni..."

"Zima taa wewe!"

Akafungua kopo. Kwa haraka mkanda ukamponyoka mara mbili. Chini, funguo zikasikika. "Sherry! Saa!" Pratley alikuwa mlangoni, na mbele ya mlango kulikuwa na Darshan, mabega yote mawili.

"Bwana Pratley," Darshan alimwambia kwa upole kwa Kiingereza chake cha Nairobi, "mtu wetu yuko motoni. Ngoja atoke."

Mwanga ukapiga pazia. Mtu wa Radi akatokea kwenye moshi na mama mgongoni, kinyago kimeungua nusu. Ukumbi mzima hakuna aliyekohoa. Alipoanguka, mama akakaa vumbini akapakata kichwa chake, na vidole vikaanza safari yao: paji la uso, pua, kovu la utotoni kwenye kidevu. Vidole vikasimama kwenye kovu. Mwalimu Himid alitoa sauti kama mtu aliyebanwa na mlango. Darshan alikuwa analia wazi, ndevu zimelowa, bila kuondoka mlangoni hata hatua moja, na Pratley kwa nje anapiga ngumi. Moto wa mazishi ukawashwa, mchumba akaokota kinyago, na maandishi yakapanda.

Saa saba ilikuwa imekwisha pita. Pratley alipoingia alikuwa mwekundu kama pilipili hoho. Alisema machache: Sherry atafute ukumbi mwingine, na atoke na takataka zake zote. Kumbe hilo ndilo Shiraz aliloliogopa tangu theluji, na limekuja fupi hivyo.

Akateremka na makopo yake mpaka kwenye lami, ambako watu walikuwa wanapenga kamasi mvuani, na akapanda juu ya sanduku.

"Ndugu zangu. Ule ni mwisho wa filamu ileile. Niliukata mimi, kwa kumwogopa Pratley, kisha nikaona haya kuwaambia. Bi Bharti kasema kweli. Nisameheni."

Shiraz akafumba macho angoje la kuja.

"Ileile wapi?" alisema Himid, anafuta miwani. "Usitufanye wajinga, Shiraz. Vile vidole vya mama? Yule ni Khurshid mtupu!"

"Khurshid gani!" Darshan alinguruma. "Uliliona lile paa likianguka? Kamba iko wapi? Ile kazi ya Vaidya!"

"Dairekta ni yuleyule wa kwanza!" Shiraz alilia. "Ni filamu moja!"

Himid alimpigapiga begani kama mtoto aliyeota vibaya. "Wewe ndugu yangu kazi yako kuzungusha. Mambo ya madairekta tuachie sisi. Kesho telegramu inakwenda: London yataka sehemu ya tatu."

"Mbona kafa!"

"Kafa, na kinyago kaokota nani? Mchumba! Wewe huoni?"

"Mwanamke wa Radi," alinong'ona Darshan, macho yanang'aa. "Vaidya atamrusha huyo..."

Wakaondoka wanabishana kuelekea stesheni, wote kwa pamoja, wamesahau hata kumwomba radhi mjane wa watu. Yeye alikuwa amesimama kituo cha basi chini ya mwavuli, na Shiraz akamfuata na kopo la mwisho kwapani.

"Hawakuamini," alisema.

"Wewe umesema. Mimi nimesikia." Akamsogezea nusu ya mwavuli. "Na ukumbi?"

"Umekwenda."

"Thornton Heath kuna kumbi. Mpwa wangu atauliza." Basi halikuwa linaonekana. Bharti akaligonga kopo kwa ukucha, ti, ti. "Hebu niambie, Shirazbhai, wewe unayezijua filamu. Ikitengenezwa ya pili kweli, ungempa nani?"

Shiraz akafikiri kwa uaminifu wote aliokuwa nao siku hiyo.

"Khurshid," alisema.

Mwavuli ukaondoka juu ya kichwa chake.

"Khurshid?" alisema Bharti. "Khurshid! Yule aliyemwimbisha maiti?"