Fundo la Kwanza la Pombe ya Ukwaju

Wifi yangu hajaonja pombe tangu aokoke, na ni miaka mingi sasa. Hata hivyo, kama umewahi kunywa hapa Bariadi ile pombe ya mtama yenye ukwaju, ile ya chupa yenye lebo ya njano, basi umekunywa aliyoipika yeye. Watu wakiniuliza mtu anawezaje kupika kitu asichokionja, nacheka. Aliweza kwa sababu alikuwa na mimi.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Sitaki kumnyima haki yake: kupika anajua, alifundishwa na mama yake kule Nkololo, na wazo la kutia ukwaju lilikuwa lake. Kuuza alisema ni biashara, kunywa ndiyo dhambi. Mimi Mkatoliki sikuwa na tatizo hilo. Kila alipopika aliniita jikoni kwake, nami nikaonja.

Kuonja ni kazi, si starehe. Kwanza nilikiinua kikombe kwenye mwanga wa mlango nione rangi, nayo ilitakiwa iwe kama chai ya rangi iliyokolea. Kisha povu: povu zuri hung'ang'ania ukingo wa kikombe, baya hupasuka mara moja. Kwenye harufu, mtama ulitakiwa ufike kwanza na ukwaju uje nyuma yake. Ukwaju ukitangulia, umezidi. Halafu fundo moja, nalizungusha chini ya ulimi. Uchachu ulitakiwa unibane mashavu kidogo kisha uniachie, na baada ya kumeza ubaki utamu mdogo nyuma ya koo. Kukibaki ukakasi wa ndizi mbichi, najua kokwa zilikaa sana kwenye maji. Nilimwambia toa kokwa mapema, au ngoja siku moja zaidi, au hii mwaga. Hakuwahi kunibishia. Na nilikuja kugundua kwamba maneno yangu hakuyasikiliza sana, alikuwa anasoma uso wangu.

Kulikuwa na jambo jingine alilonihitaji. Kwetu mpikaji ndiye anayekunywa fundo la kwanza mbele ya wateja, ili waone pombe ni salama na mwenyewe anaiamini. Asipokunywa yeye, basi anywe mtu wa nyumba yake. Wazee wengine hawagusi kikombe mpaka waone hilo limefanyika. Kwa hiyo kila ilipopelekwa pombe kwenye ngoma, kwenye kilimo cha pamoja au kwa wachuuzi wa samaki wa Lamadi, nilikwenda naye, nikanywa fundo langu, nikakaa pembeni na soda.

Kisha biashara ikakua. Ikabidi kutafuta kibali na lebo, nikadhani tutakwenda ofisini pamoja. Alikwenda peke yake, na jina likaandikwa moja, lake. Nilipomuuliza hakugombana nami, si mtu wa kugombana. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kwake wakati wa ushuhuda, akaomba watu wamkumbuke katika maombi wifi yake, ambaye kwa kuzoea kuonja sasa amekamatwa na ulevi.

Alilia alipokuwa akisema. Nimesimuliwa na watu wanne tofauti, na wote hawakusahau kuniambia kwamba alilia.

Bariadi si mji wa kuficha neno. Jumatatu nilipokwenda kusaga mahindi, mwanamke wa mashineni aliniuliza kwa upole leo nimeamkaje. Mama mkwe akaacha kunituma sokoni. Mume wangu akaanza kunusa vikombe kabla sijavisuuza, akidhani simwoni. Nilipomkabili alisema dada yake hawezi kusimama mbele ya madhabahu akasema uongo. Nilikuwa sijawahi kulewa hata siku moja maishani mwangu. Ungemwambia nani?

Nilimchukia wifi. Nalisema wazi kwa sababu nimechoka kuambiwa nilikuwa na huzuni. Sikuwa na huzuni, nilikuwa na donge. Kwa miaka miwili tulipishana kwenye misiba na harusi, yeye akinipa mkono kwa huruma, mimi nikiupokea huku nikiomba dhoruba iezue bati za jiko lake.

Halafu asubuhi moja akaja kwangu. Akanisalimia Kisukuma, "Ng'wangaluka, wifi," kana kwamba tuliachana jana, akakaa. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anaozesha binti yake, na kamati ya harusi ilitaka pombe ya ukwaju kwa ajili ya wazee wa pande zote mbili. Walitaka waionje kwanza, na walitaka desturi ifuatwe. Miaka ile miwili aliuza chupa madukani tu, ambako fundo la kwanza halidaiwi. Yeye hawezi kunywa. Watoto wake wameokoka, mama yake na mdogo wake hawanywi. Ndani ya ukoo aliyebaki ni mimi. Nilimsikiliza mpaka mwisho nikingoja neno moja tu. Angesema nisamehe, hata kwa kunong'ona, hata kwa kutazama chini, hadithi hii ingekuwa nyingine. Alisema nisichelewe, kikao ni saa tisa.

Nikakubali. Nilienda nikiwa sina mpango wowote, nataka uniamini katika hilo.

Kamati ilikaa uani kwa mwalimu, kwenye viti vya plastiki. Wifi akamimina. Nikainua kikombe: rangi ilikuwa nzito kidogo kuliko ninavyoijua, na pembeni ilikuwa na ukijivu. Povu zuri. Harufu ilikuja kwa mpangilio wake, mtama kisha ukwaju. Nikachukua fundo, nikalizungusha. Uchachu ukanibana, ukaniachia. Nikameza, na nyuma ya koo, pale ulipotakiwa kuwa utamu, nikakuta chuma. Kidogo tu, kama unapokunywa maji mdomo ukiwa kwenye bomba la kisima.

Nikajua papo hapo. Siku zote tuliloweka ukwaju kwenye vyungu. Sasa oda zimekuwa kubwa, vyungu havitoshi, ameloweka kwenye pipa la chuma. Ukwaju ni mkali, unakula chuma. Siku ile hakuna mwanakamati ambaye angegundua. Lakini harusi ilikuwa baada ya siku nane, na pombe ya namna hiyo haitulii: kila siku inazidi kuwa nyeusi na kuwa chungu. Na ukwaju wa pombe ya harusi ungelowekwa kwenye pipa lile lile.

Nikainua macho, nikamkuta wifi ananitazama usoni vilevile kama zamani jikoni kwake. Muda wa kurekebisha ulikuwepo, neno moja lingetosha. Nikamkumbuka alivyolia kanisani.

Nikaulegeza uso wangu, nikatabasamu.

"Hii ndiyo pombe," nikawaambia. "Msibadilishe chochote."

Kikombe kikazunguka. Kila mmoja akasema ni nzuri, kwa sababu mimi nilishasema ni nzuri.

Tulipotoka, getini akanishika mkono. "Kweli iko sawa, wifi? Ulimi wako sijawahi kuushuku."

"Kweli," nikasema.

Siku nane zile niliishi kama mwenye sherehe. Nilishona kitenge kipya. Nilifagia uwanja nikiimba, mpaka mama mkwe akatoka kunichungulia.

Siku ya harusi chupa zilifunguliwa baada ya chakula. Ilipomiminwa, pombe ilikuwa nyeusi kama maji yaliyooshea sufuria yenye masizi. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyetoka Sola, akanywa, akatema kwenye nyasi, akauliza kwa sauti kama upande wa bibi harusi umewaletea dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wenzake hawakucheka. Walirudisha vikombe mezani kimoja kimoja, vimejaa. Mwalimu alisimama katikati na chupa mkononi, bintiye akimtazama kutoka jukwaani. Wifi nilimwona nyuma ya turubai akijimiminia pombe kiganjani na kuinusa, akiinusa tena, kwa sababu zaidi ya hapo hakuweza kufanya kitu.

Nilifurahi. Nilikunywa soda yangu taratibu na nikafurahi.

Alhamisi kikaitwa kikao cha familia, kwa mama mkwe. Mwalimu naye alikuja, alitaka maelezo. Nilikaa kwenye mkeka nikingoja kumwona wifi akivunjika mbele ya watu, kama mimi nilivyovunjwa. Akasimama. Hakuwa amevunjika.

"Msimlaumu mke wa mdogo wangu," alisema. "Kosa ni langu. Nilijua pombe imemwathiri, bado nikamtegemea. Ulimi wake umekufa. Mimi nimeshamsamehe."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Mama mkwe akanishika mkono, akaupapasa kama wa mgonjwa. Mume wangu akainama. Nikawatazama mmoja mmoja nikaona wameamini, tena safari hii wamepata ushahidi, na ushahidi nimewapa mimi. Mlevi ndiye angeonja pombe ile akasema ni nzuri. Ningenyamaza ningebaki mlevi mpaka kaburini, mlevi aliyesamehewa, na yeye angebaki mtakatifu. Yote ningeyavumilia, lakini siyo msamaha wake.

"Niliijua tangu fundo la kwanza," nikasema. "Umeloweka ukwaju kwenye pipa la chuma. Pombe ilikuwa na ladha ya chuma. Niliijua, nikasema ni nzuri."

Mwalimu ndiye aliyeongea, kwa sauti ya chini.

"Ulijua, mama? Nilipokuwa nimekaa pale mbele yako, harusi ya mwanangu imebaki siku nane?"

"Nilijua, mwalimu."

Mama mkwe akauachia mkono wangu. Mwalimu akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga. Mume wangu alinitazama kwa namna ambayo hakunitazama hata siku zile alizokuwa akinusa vikombe, na nikatambua kwamba zile zilikuwa siku za kunihurumia. Nilikuwa nimemwandalia wifi jibu kwa neno lolote ambalo angelisema. Alifunga kanga yake, akatoka.

Pipa amelitupa, na sasa anapika kwenye ndoo za plastiki. Anayemwonjea ni mama mmoja wa Ipililo, na nasikia anaonja vizuri. Kwangu haji mtu na kikombe.

Jumapili iliyofuata kikao kile wifi alisimama tena kanisani kwake. Aliwaambia watu kwamba amekuja kuomba radhi kwa uongo alioutoa mahali pale, kwamba wifi yake si mlevi na hajawahi kuwa mlevi, na kwamba yote aliyoyatenda wifi huyo kwenye pombe ya harusi aliyatenda akiwa na akili zake timamu.