Siku Nilipopita Wazee na Hedfoni Masikioni

Kama kuna mtu wa kijijini kwetu Bashay anasoma hapa, basi huyo kisa ameshakisikia, tena huenda amekisikia kikiwa kimeongezwa chumvi, ndiyo maana nimeona bora nijiaibishe mwenyewe kwa mdomo wangu kuliko kuaibishwa na midomo ya watu.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Nimechimba Mererani, nimeuza mitumba Singida, nimelinda ghala Kahama, na kila nilipochoka nilirudi nyumbani kulima vitunguu swaumu, nikikaa kidogo miguu inaanza kuwasha. Safari hii lakini sikutaka kwenda popote, na sababu ilikuwa Marselina, mjane mwenye mgahawa mdogo karibu na stendi ya Haydom, ule mji wa hospitali kubwa, binti wa jirani yetu Mzee Ombay. Tulisoma naye sekondari moja (nilimpenda tangu wakati ule, ila nilikuwa mwoga, nikakimbilia machimboni na yeye akaolewa na mtu asiye mwoga). Basi kila wiki nilikuwa natafuta sababu ya kwenda Haydom, nanywa chai, narudi.

Sasa pale mgahawani kulikuwa na Fabiano, muuza spea za pikipiki, naye kumbe alikuwa na sababu zake za kunywa chai. Siku moja akaja na hedfoni kubwa, zile za kufunika sikio zima, zisizo na waya, akamvisha Marselina kichwani mbele ya wateja wote.

"Sikiliza, dada. Utasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi."

Marselina akafumba macho. Halafu akatabasamu. Jamani, mimi nilikuwa nimeshika chapati na ile chapati ikapoa mkononi, kwa sababu katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumfanya mwanamke yule afumbe macho namna ile. Nikamuuliza Fabiano, kwa sauti ya mtu asiyejali, hizo ni bei gani. Akanitazama kuanzia viatu.

"Kaka Bura, hizi siyo vitu vya watu wa swaumu."

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Niliuza swaumu yangu yote kwa dalali wa kwanza aliyepita, wakati wenzangu wanangoja bei ipande, nikamwagiza mfanyabiashara mmoja wa Mbulu mjini aniletee hedfoni za daraja la juu kuliko za Fabiano. Dada yangu, ambaye ndiye ninayeishi kwake, alinitazama nikizitoa kwenye boksi kama mtu anayebeba mtoto mchanga, akasema, "Bura, masikio unayo tayari. Mabati ndiyo hatuna."

Lakini ngoja niwe mkweli, kwa sababu watu huniuliza kama vitu vile vina thamani ya bei yake. Sauti yake ni nzuri, nzuri mno. Niliweka nyimbo za zamani, zile ambazo marehemu baba alikuwa anazisikiliza kwenye redio aliyoiweka dirishani ili majirani nao wafaidi, na kwa mara ya kwanza nikasikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza kwenye waya. Nililia kidogo. Na kulikuwa na kitufe, ukikibonyeza dunia yote inanyamaza, mbwa ananyamaza, upepo unanyamaza, dada ananyamaza (anaendelea kusema, ila unaona mdomo tu).

Kumbe balaa lilikuwa kwenye kitufe hicho.

Mzee Ombay alipovuna swaumu yake aliita majirani kuja kumsaidia kukata mizizi na majani, kama desturi yetu, mnakaa kuzunguka lundo, kila mtu na kisu chake, mnapiga soga, mwisho mnakula. Vijana walikuwa wamekwenda mnadani, kwa hiyo walikuja wazee na kina mama, na Marselina alikuwa amekuja kuwasaidia wazazi. Nilipofika getini nilijua kabisa kwamba natakiwa kuzivua. Nikajiambia, hapana, ngoja kwanza anione nazo, kichwani zinapendeza kuliko shingoni. Nikabonyeza kitufe, gitaa likalia, nikaingia nikitingisha kichwa, macho yanamtafuta Marselina tu.

Nikashtukia mkongojo umeninasa mkono. Nikazizima, nikafunua sikio moja.

"Wewe Bura!" Alikuwa ni Mzee Ombay mwenyewe. "Umeanza lini kupita wazee kama ng'ombe anayekwenda mtoni?"

Nikageuka nyuma. Mama yangu! Safu nzima ya wazee nimeipita bila shikamoo hata moja, na mmoja wao mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa hewani. Kwetu mbuzi wako anaweza kula mahindi ya jirani na yakaisha kwa maneno, lakini kumpita mzee bila kumwamkia, tena mzee ambaye binti yake unamtaka! Nilikuwa ndiyo nafungua mdomo kuomba msamaha wakati mama yake Marselina, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alipoinuka akaja kunishika mashavu.

"Mwacheni kijana wa watu! Hamwoni amefungwa masikio? Ndiyo maana kila wiki yuko Haydom, kumbe ni hospitali!" Halafu akanipigia kelele, "Ni masikio, mwanangu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kichwa hicho hicho chenye hedfoni.

Basi huruma ikanimwagikia. Nikapewa kigoda na kisu, nikapewa uji, wazee wakanipungia mikono kunipa pole. Nikafunika masikio yote, nikabonyeza tena kile kitufe ili angalau niwe kiziwi kweli na dhambi ipungue, chaji ikaisha hapo hapo, nikabaki nasikia kila kitu. Bibi mmoja akasema dawa ya masikio ni swaumu iliyopondwa ikachemshwa na mafuta ya kondoo, na swaumu si hii hapa tumeikalia, akaenda jikoni, akarudi na kijiko kinafuka moshi. Nikakataa kwa mikono, kwa kichwa, kwa miguu. Mama Marselina akanisaidia, "Msimfungue, daktari amefunga mwenyewe," akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akaomba sala ndefu juu ya kichwa changu, na wote wakasema amina isipokuwa mimi, maana kiziwi ataitikiaje?

Marselina alikuwa upande wa pili wa lundo, anakata mizizi. Mara akamgeukia shangazi yake.

"Kwa kuwa Bura hasikii, acha niseme. Wazee wa Fabiano wanakuja Jumamosi kuniposa."

Kisu changu kikasimama.

"Na wewe unasemaje?" shangazi akauliza.

"Niseme nini? Fabiano ana nyumba, ana duka, ana hedfoni nzuri—"

"Za bei rahisi zile!" nikapiga kelele. "Hazifiki hata nusu ya hizi!"

Ndugu zangu, ukimya uliofuata hakuna kitufe kinachoweza kuuleta. Bibi wa kijiko akafanya ishara ya msalaba. Marselina peke yake ndiye hakushangaa, alikuwa anajua hedfoni ni nini tangu nilipovuka geti.

Mzee Ombay akaja polepole, akanivua zile hedfoni, akazivaa yeye juu ya kofia yake. "Toka nje. Ingia upya, uamkie." Nikatoka, nikaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Sisikii!"

"Shikamoo, mzee!"

"Nimefungwa masikio, baba, nipo hospitali!"

Watu walicheka mpaka wakaegemea lundo. Akazivua, akamvisha mzee wa pili, naye hasikii, akamvisha wa tatu, mpaka safu ikaisha na koo langu likakauka.

Jioni naondoka, nikamuuliza Marselina siku ile mgahawani alisikia nini hata akafumba macho. Akacheka. "Zilikuwa zimezimika. Sikusikia honi, sikusikia wateja, wala Fabiano mwenyewe. Nilipumzika."

Moyo ukaruka, nikatuma mjomba na dada kwa Mzee kabla ya Jumamosi. Walirudi wakiwa wapole sana. Mzee alisema Fabiano ana maneno mengi lakini hajawahi kumpita mtu. Na Marselina alisema kwamba kumpita baba yake angenisamehe, ila nilimwangalia mama yake akililia masikio mazima, nikanywa na uji wake.



Tangu siku hiyo nimeapa sitavuka geti la mtu na kitu chochote masikioni, hata pamba. Kwenye harusi ya Marselina na Fabiano niliamkia kila aliyenizidi umri, nikasalimia mpaka watoto wa kunyonya, watu wakauliza kama nagombea udiwani. Bwana harusi akaja kunipa mkono, suti inang'aa, Marselina pembeni yake ametulia kama siku ile ya chapati, naye Fabiano akaniinamia sikioni.

"Kaka, zile zako bado zinafanya kazi? Zangu zimekufa upande mmoja."

Nikampa pole. Moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko siku nilipofungua boksi.