Debe la Pili

Mwaka wa pili tangu tutoke Unguja tulikuwa Matrah, kwa Waarabu, chumba kimoja nyumbani kwa ami yake mume wangu. Majina ya wote waliokuwepo siku ile ya debe nnayo, hata ya waliosimama kutazama tu. Siyataji, wajukuu zao wananiamkia.

Ami alikuwa na boti ya mashine. Joto kali likiingia, bahari huchafuka, boti zikapandishwa ufukweni, na mashine sharti ivuliwe mipira ya maji, ioshwe ndani kwa maji matamu, la sivyo chumvi inakula chuma. Kazi hiyo akapewa mume wangu. Mipira ilikuwa imegandana na chuma, haisogei. Kuikata hakuna, mwengine mpaka uje na meli kutoka Bombay. Ami alishamwambia: akikata mmoja, tuhame.

Mwanangu wa miezi saba alikuwa na homa inamuunguza. Alfajiri nilikwenda kisimani, nikarudi na madebe mawili, kisima kikawa kimekauka mpaka jioni. Mume wangu akaja akachukua debe moja, akayachemsha yale maji, akaimwagia mipira ilainike. Ikatoka mizima. Kisha akarudi na ami kuchukua la pili, la kuoshea chumvi.

Nikalikumbatia. Nikamwambia ami haya ya kumpangusia mtoto, mashine ingoje jioni.

“Mashine ikifa, bint, mie sina nyengine,” akasema. “Mtoto utazaa mwengine.”

Mke wa ami akadakia huko jikoni kwamba hawa Waswahili wamezowea mvua ya bure.

Nikamtazama mume wangu. Akainama, akanitoa mikono, akalichukua.

Niliwafuata ufukweni na mtoto kiunoni, mbele ya wanaume. Maji yalipotoka upande wa pili wa mashine, mekundu kwa kutu, niliyakinga kwa kanga nikampangusia. Chumvi ikamuwasha, akalia. Kuna waliocheka.

Mtoto alipona. Niliishi na yule bwana miaka arubaini, nikampikia, nikamfulia. Maji hakuyapata tena mkononi mwangu. Akiyataka nnamwonyesha mtungi. Alipokuwa kitandani hawezi kuinuka, aliniomba maji. Nikampigia simu mwanangu yule yule aje amnyweshe. Alikuwa Al Amerat, ng'ambo ya milima, na njia siku ile ilikuwa na magari mengi. Gilasi ya maji ilikuwa hapo karibu na goti langu. Tukamngoja, mimi na yeye.