Wageni wa Sabuni

Asubuhi ile niliondoka Mbeya bila mpango. Nilishuka Iringa kwa sababu akina mama wa kanisa niliokaa nao kwenye basi walikuwa wanakwenda kusali na wafungwa, nami nilitaka kujua gereza likoje ndani.

Tuliimba, tukaomba, tukagawa sabuni. Mfungwa mmoja mzee alinicheka.

"Nanyi ni wageni wa sabuni. Mnakuja mara moja, mnapiga picha getini, hatuwaoni tena."

"Jumapili nitakuja, mzee."

"Wote husema hivyo, mwanangu."

Sikuwahi kutulia mji wowote, lakini hapo niliamua. Tulipotoka, nilimwomba kiongozi wa akina mama wale, mkazi wa Iringa, chumba cha kupanga.

"Kipo cha uani," alisema. "Ila kina baridi."

"Nakichukua, mama," nikajibu, na jioni ile nikaingiza begi.