Pete Iliyogonga Rejeta

Msinicheke. Nilikuwapo mwenyewe na akili zangu timamu, pale ubavuni mwa nyumba yetu Bwejuu, miaka ya hamsini, wakati kijiji kizima kina gari moja tu: ya marehemu mume wangu, Makame.

Nilikuwa bado nimekaa eda yake. Mama yake Makame akaugua, kifua kikambana hata maneno hayamtoki, na hospitali iko mjini. Tukamlaza kiti cha nyuma. Shemeji yangu Haji, anayejua kuendesha na hajui kingine, alikuwa ameichezea delko, ile inayogawa moto kwenye plagi. Gari ikawa inapiga mizinga tu, haiwaki. Akapanda baiskeli kwenda Paje kutafuta fundi.

Giza likaingia. Ningekaa nimtazame mama wa watu akikata roho? Nikawasha kandili, nikafunua boneti. Kazi ya kuitegesha delko Makame alinifundisha, tukiifanya wawili. Mimi nachomeka karatasi ya sigara katikati ya platini, vile vyuma viwili vya ndani ya delko vinavyogusana na kuachana, yeye mbele anazungusha hendeli taratibu. Alama ya injini ikifika mahali pake, hasemi kitu. Anagonga rejeta kwa pete yake ya fedha. Nami naizungusha delko kidogo kidogo mpaka karatasi ichomoke, kisha nakaza nati.

Nimechomeka karatasi na kuinama tu, hendeli ikaanza kuzunguka. Nikajua Haji karudi. Nikashukuru rejeta imetukinga, maana mwenye eda haonekani na wanaume.

"Polepole, shemeji," nikasema.

Ngo, ngo.

Wallahi ilikuwa pete. Haji hakuwa na pete. Ya Makame nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga yangu. Lakini mikono ilikwishazoea. Nikazungusha, karatasi ikatoka, nikakaza. Ndipo nikainua kandili na kuita, "Makame?"

Mbele ya gari hapakuwa na mtu. Kutoka kiti cha nyuma mama mkwe, ambaye tangu mchana hajatamka neno, akauliza, "Mwanangu keshaondoka?"

Haji alifika baadaye akikokota baiskeli. "Nshazunguka Paje nzima, sikupata fundi."

"Piga hendeli," nikamwambia.

Ikawaka mara moja. Nikafungua pindo la kanga, na pete ilikuwa na joto, kama imevuliwa kidoleni sasa hivi.

Haji akamfikisha mjini, mama mkwe akapona, tukaishi naye miaka mingi. Delko ile sikumruhusu mtu kuigusa tena. Nampenda Makame mpaka leo, nasema bila haya. Basi nanyi, mkija kumsikia mtu wenu aliyetangulia, msikimbilie kandili. Mimi nilitaka kumwona. Ningebaki nimeinama, pengine angegonga tena.