Upande Wangu wa Sinia

Nyumbani kwetu Mji wa Kale tulikula sinia moja, wazazi upande ule, mimi na dada yangu upande huu. Dada alinichambulia samaki. Vidole vyake vilipita taratibu kwenye nyama ya tafi, vikatoa mwiba baada ya mwiba, kisha akaisukuma nyama yote mbele yangu, juu ya wali wa nazi. "Kula, mamangu," aliniambia, ingawa amenizidi miaka michache tu. Wageni walimsifu. Huyu kalelewa, walisema. Mimi niliamini hakuna aliyewahi kunipenda hivyo, kila siku, kwa vidole.

Niliendelea kuamini hata nilipokuwa mtu mzima. Yeye alibaki nyumbani, akifundisha watoto wa chekechea. Mimi nikapanga chumba Majengo, nikawa naandika huko na kurudi kwetu kula.

Mwaka jana khalati, mdogo wake mama, alitualika mimi na dada chakula cha mchana kwake Ganjoni. Khalati hana sinia. Ana meza ya kioo, na kila mtu na sahani yake. "Kwangu hakuna kunyang'anyana," alisema akicheka, akatupakulia pilau na kuku.

Nilipomaliza nilimtazama dada. Alikuwa akichambua. Kuku hana miiba, lakini yeye alichambua, akaikusanya nyama ukingoni, akaifunika wali, akaifunua, akaikusanya tena. Vidole vilikuwa vile vile. Mara mkono wake ukaanza kuja upande wangu, ukagusa ukingo wa sahani, ukarudi. Kinywa chake hakikuwa kikitafuna. Khalati alipouliza, alijibu kwamba alikunywa chai nzito kabla ya kutoka.

Hapo mengine yakanijia yenyewe. Sweta chini ya buibui, katika joto ambalo sisi wengine tulitafuta feni. Nywele zilizojaa kwenye kitana. Kizunguzungu darasani alichokisingizia jua. Saumu za Jumatatu na Alhamisi ambazo tulimsifia, nasi hatukuwahi kutazama alichofuturu.

Na mimi je? Chumbani kwangu nakula nimesimama, sufuria mkononi, mpaka chini kung'ae, tumbo limeshauma. Sijui kushiba ni nini. Nilifundishwa kumaliza sinia, na nilifundishwa na yeye, kwa sababu sinia likirudi jikoni jeupe mama haulizi nani kala.

Tuktuk ilitushusha mwanzo wa Ndia Kuu, barabara ya kwetu. Nilimuuliza tukiwa twatembea.

"Wale samaki wote ulionichambulia. Wewe ulikuwa ukila saa ngapi?"

"Maneno yako ya vitabu hayo."

"Ulikula saa ngapi?"

Alisimama kando ya duka la vinyago, akajifanya anatazama bei. "Nilikulisha, ukala. Nani alilalamika?" Kisha akashusha sauti. "Ukimwambia mama, usinihesabu kuwa dada yako."

Nikatazama kifundo cha mkono wake, bangili imepanda karibu na kiwiko. Niliogopa kwamba atakufa, na papo hapo nilimchukia. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo utotoni kilikuwa uongo uliosemwa mbele yangu kila mlo. Mimi sikuwa mdogo wake. Nilikuwa mahali pa kuficha chakula.

Nilimwambia mama jioni ile ile, jikoni. Hakuniamini. Mwanawe anakula, alisema, sinia hurudi jeupe. Ikanibidi nimweleze ni nani aliyekuwa akilifanya jeupe, na mama akakaa juu ya mbuzi ya nazi bila kukuna chochote.

Sasa mama humpeleka kliniki. Hunisimulia kwa simu, kwa kunong'ona: leo amekula hamri zima, jana alikataa kila kitu akalia. Nikienda nyumbani, dada hunipokea mlangoni kwa adabu kamili. Huniuliza hali, huniuliza watu wa kwangu, kana kwamba ninao, huniuliza habari za huko Majengo, asiache hata moja katika salamu anazopewa mgeni. Kisha hukaa karibu na mama na kuanza kula, tonge dogo, maji kidogo, tonge jingine.

Hajanisamehe. Mimi pia sijamsamehe. Lakini siondoki mpaka nimeona koo lake likimeza.