Chumvi Katika Shimo la Mwisho

Miaka ya hamsini nilikuwa kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, kwenye shamba la kahawa karibu na Shasha, kando ya ziwa. Mwenye shamba alitoka Ayalandi. Kwao kulikuwa na uwanja wa gofu wa tangu zamani, wenye miti mikubwa kando ya maji, naye alitaka wake ufanane na ule. Akatenga malisho yanayoshuka ziwani, akachimba vishimo, akasimika bendera.

Nyasi zilikatwa na ng'ombe. Wakati wa kiangazi, milima ya Masisi ikikauka, wafugaji waliwateremsha kwetu. Lakini mwaka ule bwana alinionya: ng'ombe wakimharibia mchezo na jirani yake, ambaye bwana mwenyewe hakuwahi kumshinda, wote watarudi mlimani. Kule hawangepata hata jani.

Asubuhi moja nikakuta ng'ombe wamezunguka bendera ya mwisho, wanalamba. Wafugaji wetu huwapa ng'ombe chumvi katika kishimo cha ardhini, na mzee wao alikuwa ameona kishimo kimechimbwa vizuri.

“Papa,” nikamwambia mzee kwa heshima, “hili shimo ni la mpira.”

“Ule mupira iko mudogo hivi. Unafanya nini mule?”

“Unaingia.”

“Na kisha kuingia?”

“Bwana anautoa.”

“Sasa anauingizaka ya nini?”

Nikachuchumaa, nikamchorea mchezo wote kwa kijiti: anayeingiza mpira kwa mapigo machache ndiye mshindi. Alisikiliza kwa heshima. Kesho yake chumvi ilikuwa palepale. Nikaeleza upya. Nikaziba kwa udongo kingo zilizomomonyoka. Ng'ombe wakaulamba na udongo.

Siku ya mchezo shimo lilikuwa pana kama sufuria. Wale wawili walilifikia wakiwa sawasawa. Mpira wa jirani ukasimama kiganja kimoja kabla ya ukingo. Wa bwana ulikwenda upande, ukapita pale ambapo shimo la kawaida lingeukosa, ukatumbukia.

“Hili ni beseni,” jirani akasema.

Bwana akanigeukia. “Kapita, nani amelipanua?”

Nikaonyesha ng'ombe, nikavuta pumzi nianze kueleza.

“Wabaki,” akasema, akaokota mpira wake.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. “Kumbe bwana anapenda mashimo makubwa,” akasema. “Ungenieleza hivyo tangu mwanzo, Kapita.”

Kesho yake alikuwa ametia chumvi mashimo yote. Nikachukua kijiti changu, nikachuchumaa tena.